Mtaro wa Maji ya Moto

Mbwa walipakiwa kwanza. Walikuwa wawili, wanene kuliko mtoto yeyote wa Orembo, na kila mmoja alikuwa na sanduku lake lenye godoro. Yakafuata majokofu, vitanda vya watoto, na piano iliyobebwa na wanaume sita huku mwenyewe akiwapigia kelele, na mwisho kabisa vyungu kumi na vinne vya maua. Sita nilivibeba mimi. Boti ya kwenda Port-Gentil ilikuwa imeshawashwa, inatikisika, na mke wa mkurugenzi alikuwa ameshakaa mbele na kofia yake, ametupa mgongo.

"Likizo tu," Anicet Rebela akawatangazia watu waliojaa gatini. "Madamu na watoto wanakwenda likizo. Msianze maneno yenu."

Huyu Anicet alikuwa msemaji wa Kampuni ya mafuta. Ni mtoto wa pale pale Orembo. Nilimwona akikua, akitoka kamasi kama wenzake. Alikwenda Libreville na kaptula, akarudi na suti, na tangu arudi hakuna aliyemsikia akisema jambo likawa.

"Likizo na piano?" akauliza Hortense Ozouaki, aliyekuwa amesimama karibu yangu na beseni lake la matunda kichwani.

"Shangazi, wengine wanapenda muziki."

"Na maua? Maua nayo yamepewa likizo?"

Watu wakacheka, hata wapakizi. Lakini kicheko cha Orembo kilikuwa hakidumu. Waligeuza shingo wote kwa pamoja, wakautazama Mwenge, wakatulia kama watoto walioonyeshwa titi.

Mwenge ndio ule mrija mrefu wa chuma nyuma ya matangi, unaounguza gesi usiku na mchana. Watu wa Orembo walikuwa hawasomi gazeti, walisoma Mwenge. Moto ukiwa mdogo, mikutano ya ukoo inakuwa ya matusi. Moto ukiwa mkubwa, wanaume wanaoa mke wa pili na kuanza nyumba wasiyoweza kuimaliza. Na mwaka ule moto ulikuwa mkubwa kuliko miaka yote. Ulinguruma. Mzee Zéphirin Onanga, ambaye nyumba yake iko mwendo wa robo saa kutoka hapo, alijisifu kwamba anachambua mchele barazani kwake saa mbili usiku bila taa.

"Sasa njoo uniambie mafuta yanaisha," alikuwa akisema. "Njoo uniambie mimi, nikiwa na mchele wangu mkononi."

Maana maneno yalikuwepo. Wengine walisema mafuta yamehama chini kwa chini kwenda Kongo. Wengine walisema mkurugenzi amegundua almasi na anaficha. Mchungaji mmoja alisema ni uzinzi. Kila uzushi ulipata wafuasi, na ukweli peke yake ndio uliokosa, ingawa ulitoka kwetu sisi wapimaji na ulikuwa mwepesi kuuelewa.

Nilikuwa msaidizi wa Fulgence Awore, mpimaji mkuu wa matangi. Kazi yenyewe haihitaji shule, ndiyo maana niliipata. Unapanda ngazi mpaka juu ya tangi, unafungua kifuniko, unateremsha utepe wa chuma wenye timazi mwishoni. Kabla ya kuteremsha, unaupaka dawa ya njano. Dawa ile ikikaa kwenye mafuta inabaki njano; ikigusa maji inageuka nyekundu kama mdomo wa mla popoo. Kisima kinaleta mafuta na maji pamoja, maji yanatuama chini, na ule wekundu unakuambia yamefika wapi. Nilipoanza kazi, wekundu haukuvuka timazi. Mwaka ule wa piano, katika tangi la mita kumi, wekundu ulipanda mita saba na nusu.

Fulgence alikuwa anaufuta kwa kitambaa haraka, kama mtu anayefuta matapishi ya mtoto wake mbele ya wageni, kisha anaandika tarakimu aliyopewa asubuhi na ofisi.

"Fulgence," nilimwambia siku moja juu ya tangi, "tunapima maji."

"Tunapima tulichoambiwa tupime."

"Na hiyo miaka arobaini ya mafuta anayoitangaza Anicet?"

"Nimebakiza miezi mitatu nistaafu, mzee mwenzangu. Nyumba ninayokaa ni ya Kampuni, na wameahidi kuniachia. Usinihesabie miaka arobaini, mimi nahesabu miezi mitatu."

Lakini alimwambia mkewe, na mkewe alimwambia msusi, basi. Ni Fulgence pia aliyenieleza mpango wenyewe. Kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa kumuuzia kisima kilichokauka. Wanunuzi walikuwa njiani kutoka mbali, Asia huko. Ili wavutike, ofisi ilikuwa imechora ramani ya akiba mpya, bwawa zima la mafuta ambayo hayajaguswa, na ilitaka siku ya ugeni kuwe na eneo limeshafyekwa, katapila linanguruma, watu wanapiga picha.

"Na akiba hiyo iko wapi?"

"Chini ya atanga za Hortense."

"Chini ya zile atanga kuna nini?"

"Mizizi," akasema Fulgence.

Atanga ni tunda la rangi ya zambarau, bichi lake gumu kama kisigino. Ukilitia maji ya moto dakika chache linalainika kama siagi, unalila kwa chumvi na muhogo. Hortense alikuwa na miti arobaini na mmoja. Ilipandwa na bibi yake, mzaa mama yake, na kwa matunda hayo alilea watoto watano baada ya mumewe kuzama na mtumbwi. Kwa watu wa Orembo ardhi hufuata tumbo la mama, lakini mdomo wa kuisemea ni wa mjomba. Mjomba wake Hortense ndiye huyo Zéphirin wa mchele. Yaani miti ni ya mwanamke mwenye akili, na sahihi ni ya mwanamume asiyenazo. Nimezunguka nchi tisa na sijaona mahali walipopanga mambo vizuri zaidi kwa faida ya kampuni.

Mkutano wa kuliomba shamba hilo ulifanyika ukumbi wa shule, saa nne asubuhi. Anicet aliweka ramani ukutani, doa jekundu likiwa juu ya shamba la Hortense. Akaongea nusu saa. Alisema "maendeleo" mara nyingi mpaka mtoto mmoja dirishani akaanza kuitikia. Mwishoni akanyoosha mkono nje.

"Ndugu zangu, mimi msiniamini. Mimi nani? Uaminini Mwenge. Lini mliuona mkubwa hivi?"

"Haijatokea!" ukumbi ukaitika.

"Moto unaokufa unakua?"

"Haukui!"

Hortense akasimama. "Mimi sitaki kuuliza moto. Fulgence Awore yuko pale nyuma, miaka thelathini anachungulia matangi. Kaka Fulgence, simama. Mkeo kasema maneno kwa msusi, nasi wote tuna nywele. Mafuta yapo au hayapo?"

Fulgence akasimama, akashika kofia kwa mikono miwili. Nilimwona akimtazama Anicet, na Anicet akimtazama yeye kwa upole, kama mtu anayetazama nyumba.

"Maji kidogo," Fulgence akasema, "ni jambo la kawaida kwenye visima."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha kawaida."

Akakaa. Nimeona wanaume wakipigwa hadharani, nimeona wengine wakivuliwa nguo sokoni kwa wizi, lakini sijaona aliyepungua ghafla kama Fulgence siku ile.

Basi nikasimama mimi. Sijui nilitumwa na nani. Nikawaambia Mwenge unakua kwa sababu mafuta yanakwisha. Nikawaambia wafikirie chupa ya soda: ukiifungua, nguvu ikishuka, gesi yote inatoka juu kwa kelele, na kinachobaki chini hakina ladha. Ule moto ni gesi inayotoroka kutoka chini kwa sababu hakuna tena nguvu ya kuizuia. Nikasema nimeshika utepe kwa mikono yangu, maji ni mita saba na nusu.

"Huyu si yule anayepaka dawa?" sauti ikauliza.

"Ndiye. Fundi rangi."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mzee," Anicet akasema, anatabasamu, "uhandisi ulisomea wapi?"

"Darasa la nne nililisoma mara mbili, katika nchi mbili."

"Na la tano?"

"La tano nililiona dirishani."

Walicheka mpaka wakapigana mabegani. Zéphirin akafuta machozi. "Mgeni kala muhogo wetu miaka kumi na tisa, leo anataka kutuzimia moto! Kaa chini, baba, usije ukatoa gesi."

Kisha akaenda mezani, akaomba kalamu, akatia sahihi. Hakuisoma karatasi, hajui kusoma, na ninasema hivyo bila huruma kwa sababu mjukuu wake anajua na alikuwa amekaa pembeni yake. Walimpa kreti mbili za bia na kofia yenye nembo.

"Mjomba," Hortense alimwambia mlangoni, "hiyo ni miti ya mama yako."

"Mama yangu alikufa maskini chini ya hiyo miti," Zéphirin akasema. Kofia ilikuwa imeshamkaa kichwani.

Kesho yake nilimfuata Hortense mtaroni. Ni mtaro unaotoka nyuma ya matangi kwenda kinamasini. Maji yanayotuama chini ya matangi yanamwagwa humo, na yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Tangu zamani wanawake wa Orembo hulainishia atanga pale. Wanajaza chungu maji safi na matunda, wanakifunika, wanakisimamisha ndani ya mtaro, wanakaa kusengenya mpaka yaive. Kuni hazihitajiki. Siku hiyo nilihesabu vyungu hamsini na kitu, vimepangwa mstari mmoja mpaka kona, na mvuke unapanda.

"Umekuja kunipa pole?" Hortense akauliza. "Pole yako ibaki nayo."

"Sikuja na pole. Nimekuja kuangalia maji."

"Maji yana nini? Maji ndiyo neema pekee tuliyopata kwa hawa watu. Enzi za mama yangu palikuwa na uzi tu wa maji, vuguvugu. Wanawake wanapigania nafasi, wanang'oana vilemba. Chungu kimoja kinakaa toka alfajiri mpaka jua la utosi. Sasa tazama. Yanafika gotini, yanachoma, dakika kumi umemaliza. Mwaka juzi walipoupanua mtaro tulicheza ngoma hapa. Hata mimi nilicheza."

Nilimtazama tu. Akaendelea kuongea kidogo, halafu akapunguza maneno. Akaugeukia mtaro, akautazama toka mwanzo mpaka konani.

"Hayatoki mahali pengine," akasema taratibu.

"Hapana."

"Ni ya visima vile vile."

"Vile vile. Kila unapoongezeka mtaro, yanapungua mafuta."

Akakaa juu ya jiwe. "Kwa hiyo nilicheza ngoma kwenye msiba wangu mwenyewe, na kilemba kipya." Wale wanawake wengine walikuwa wanacheka jambo lao, hawatusikii. Hortense akauliza, "Hao wanunuzi, wanajua maji?"

"Mtu wa visima anajua maji kuliko anavyomjua mkewe."

"Wataletwa huku mtaroni?"

"Thubutu. Watapitishwa mbele: Mwenge, ofisi, halafu shambani kwako kupiga picha."

"Wanapenda kula?"

"Kila mtu anapenda kula, Hortense."

"Vizuri," akasema, akasimama, akatoa chungu chake majini.

Ugeni ulifika siku ya Alhamisi, saa tatu. Walikuwa vijana wanne wenye makabrasha, na mzee mmoja mfupi aliyeitwa Bwana Harjono, Mwindonesia, viatu vyake vimepasuka na mikono yake imejaa makovu ya chuma. Nilipoiona ile mikono ya mtu wa visima nilifurahi. Mkurugenzi hakuitazama; aliitazama suti ya kijana mmoja.

Walipofika shambani katapila lilikuwa limeshaangusha miti mitatu. Matunda yalitapakaa matopeni. Zéphirin alisimama pale na kofia yake, amepangwa kwa ajili ya picha. Watu nusu mji walikuwepo. Anicet alikuwa akitafsiri kwa bidii, mikono ikipaa.

Hortense akaja kwa njia ya nyuma na chungu kichwani, amevaa kitenge cha kanisani. Askari walimwacha apite. Mwanamke mwenye chungu ni nani? Akapiga goti mbele ya yule mzee, akafunua. Mvuke ukatoka.

"Karibu, baba. Ni matunda ya hapa unaposimama. Kula kabla hayajapoa."

"Shangazi, si sasa," Anicet akasema, amebana meno.

Bwana Harjono alikuwa ameshachukua. Alikuwa na Kifaransa kidogo, cha kuombea chakula na kuulizia njia. Akala moja kwa chumvi, akafumba macho. Akala la pili. Akagusa chungu kwa nje, akaondoa kidole upesi, akakipindua kidogo kutazama chini yake. Chungu kilikuwa safi, hakina masizi hata chembe.

"Moto wapi?" akauliza.

"Nyumbani kwake," Anicet akadakia. "Jiko la gesi. Kampuni imewapatia."

"Mwongo huyu mtoto," Hortense akasema kwa sauti, na watu wakaguna. "Sina jiko la gesi, hakuna mwenye nalo. Njoo, baba, nikuonyeshe jiko letu. Ni karibu."

Akamshika mkono. Mkurugenzi alianza kusema kuhusu ratiba. Mzee yule hakugeuka. Alimfuata Hortense katikati ya migomba, akitafuna, nasi sote nyuma kama kundi la mbuzi. Zéphirin alibaki peke yake na katapila, akingoja picha.

Mtaroni wanawake waliinuka kwa adabu. Bwana Harjono alisimama ukingoni, taya likaacha kutafuna. Alichuchumaa, akatia vidole, akahesabu kwa midomo, akavitoa. Akavinusa, akavilamba, akatema. Kisha akachuma jani, akalitupa majini, akatazama saa yake na kutembea nalo hatua kumi. Akarudi, akafanya hivyo tena. Mkurugenzi alikuwa mwekundu kama utepe wetu.

"Mtaro mwingine?" mzee akauliza.

"Miwili," Hortense akajibu. "Huko nyuma. Mikubwa kuliko huu."

"Zamani, chungu ngapi?"

Hortense akainua kidole kimoja. Halafu akaonyesha ule mstari wa vyungu, hamsini na kitu, mpaka konani. Na nikamwona Fulgence Awore nyuma ya umati, ameinamisha uso, akitikisa kichwa kwa kukubali, kwa siri, mahali ambapo hakuna wa kumwona isipokuwa mimi.

Bwana Harjono akautazama Mwenge kidogo, ukinguruma juu ya matangi. Akawaambia vijana wake jambo fupi kwa lugha yao. Wakafunga makabrasha. Akanunua atanga za chungu kizima, pamoja na chungu chenyewe, akapanda nacho gari.

Kisima hawakukinunua. Kampuni ilikaa miezi mingine saba ikitafuta mjinga mwingine, haikumpata. Ule mkataba wa shamba uliachwa kwenye kabati la ofisi na kabati likaachiwa mchwa. Mwenge ulizimika siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Watu walitoka nje wakasimama wakiutazama mrija mtupu mpaka jioni, halafu wakaanza kutafuta aliyeuzima, wakampata Hortense. Walisema amewapa wageni dawa ndani ya atanga. Waliosema kwa nguvu zaidi ni wale wanawake wa mtaroni, kwa sababu sasa inabidi wakate kuni.

Mkurugenzi aliondoka bila mbwa wala piano, maana vilitangulia. Anicet Rebela yuko Libreville, ni msemaji wa kampuni ya maji. Fulgence Awore alipewa nyumba yake kama alivyoahidiwa. Bomba lake halina maji na nyaya hazina umeme, na anaishi humo na mkewe, ambaye haendi tena kwa msusi. Zéphirin Onanga alikufa mwaka uliofuata, akazikwa na ile kofia kwa ombi lake. Wapangaji wote wameondoka Orembo, na wenye nyumba ambazo hazijaisha wanakaa ndani yake hivyo hivyo, bila paa upande mmoja. Hortense ana miti thelathini na minane. Anauza atanga Port-Gentil kila wiki, na watu wa Orembo wanaomwita mchawi wanazinunua kwake zikiwa bichi, kwa mkopo. Mimi nilipanda naye boti siku moja kwenda kumsaidia kubeba, sikurudi.